Korti Ilipokuja Karibu

Jaji aliuliza swali hilo kwa sauti ya kawaida, kalamu ikiwa bado mkononi. "Kabla hatujaanza, kuna mapatano yoyote kati yenu?"

Karani alilitafsiri kwa Kikamba, ingawa baba alikuwa amelielewa. Alikuwa amesimama, mikono yote miwili imeshika ukingo wa meza. Aligeuza shingo polepole kuelekea kwenye mabenchi ya nyuma, ambako macho yake yenye ukungu yasingeweza kumtambua mtu hata mmoja. Lakini aliwasikia. Alisikia viatu vikisugua sakafu, na kikohozi cha Mbithi, mwenyekiti wa ukoo wetu. Watu wa Mutomo walikuwa wamekijaza kile chumba cha mahakama pale Kitui, hata wengine wakabaki nje, wakichungulia madirishani.

Upande wa pili Mzee Kusow alisimama na wakili wake tu. Alikuwa akimtazama baba kwa utulivu wa mtu aliyeahidiwa kitu na anajua atakipata. Chumbani mle, mbali na wao wawili, mimi peke yangu nilijua anangoja nini.

Kesi ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Ami yangu Ndolo, mdogo wake baba, alimuuzia Kusow kipande cha shamba kinachoteremka hadi kwenye mto wa mchanga, pamoja na kisima kisichokauka hata kiangazi kiwe kikali vipi. Zaidi ya mkewe, hakumwambia mtu. Kisha akafa, na maswali yote akamwachia mjane wake, Kaveke. Kusow alikuwa ametoka kaskazini mashariki kuja kufanya biashara ya mifugo Mutomo. Alinunua kwa moyo safi, akajenga nyumba na zizi. Baba akasema ardhi ya ukoo haiuzwi na mtu mmoja kama kuku, akaenda kortini.

Siku hizo hatukuwa na jaji karibu. Mahakimu tulikuwa nao Kitui, lakini kesi ya Mahakama Kuu ilikwenda Machakos, na huko watu wa Kitui na wa Makueni walikutana kwenye ua mmoja, kila mtu na bahasha yake kwapani. Baadaye katiba mpya ikaja, kesi za ardhi zikapewa mahakama yake. Faili letu likahama kutoka chumba kimoja hadi kingine. Jaji mmoja akapelekwa kwingine, aliyemfuata akataka kuisoma kesi toka mwanzo. Sisi tukaendelea kwenda: baba, mimi wa kumshika mkono kwa ajili ya mtoto wa jicho, na Mzee Kusow. Barabara ilikuwa hiyo moja, na lojing'i ya kulala tuliyoiweza ilikuwa hiyo moja. Asubuhi wazee hao wawili walikunywa chai kwenye meza mbili, kila mmoja akiutazama ukuta wake.

Siku moja nilimwacha baba karibu na ubao wa matangazo wa korti nikaenda kupiga kopi ya hati. Niliporudi nilimkuta Kusow kando yake, akimsomea majina ya kesi za siku hiyo.

"Mzee, leo sisi ni wa mwisho," Kusow alimwambia. "Twende tukae kivulini, jua litatumaliza hapa."

Nilidhani baba angekataa. Alinyoosha mkono kuutafuta mkono wangu, akaukuta wa Kusow, akaenda nao. Jioni, akiwa anavua viatu, aliniambia, "Nzisa, umesikia? Amesema *sisi*."

Kuanzia hapo walikula meza moja, wakaitana kwa majina. Kusow alimletea baba maziwa ya ngamia kwenye thamosi, na baba akalalamika kwamba yananuka moshi, kisha akayanywa yote. Baba alizijua saa za swala za Kusow kuliko saa za korti. Tukikaribia kuchelewa yeye ndiye aliyesema tumngoje kwanza. Walibishana kuhusu bei ya mafahali, kuhusu mvua, kuhusu jinsi ya kumfunga punda mkorofi. Kitu ambacho hawakukigusa ni kisima. Nilipowaona wakicheka, kuna wakati nilisahau kwamba tumekuja ili mmoja wao amfukuze mwenzake.

Mara ya mwisho tulipokwenda Machakos, pale masijala tuliambiwa kwamba faili limepelekwa Kitui. Mahakama ya ardhi sasa itakaa huko, wakasema, ili wananchi wasiteseke na safari. Tuliifurahia habari hiyo. Tukiwa njiani kurudi, tulishuka Kwa Vonza kupata chakula, na hapo, baada ya kunawa mikono, baba ndiye aliyeanza.

"Kusow, ile nyumba yako na zizi, kaa nazo. Kisima tutumie wote. Ng'ombe wako wanywe asubuhi, mbuzi zangu jioni."

"Na jina la Ndolo lisitajwe tena kortini," Kusow alisema. "Mtu amelala, tunamchokoza kila mwezi."

Baba aliinamisha kichwa. Nadhani hilo ndilo lililomgusa zaidi, kwamba mgeni ndiye aliyemwonea ndugu yake huruma. Walishikana mikono juu ya sahani za maharagwe. Tulipofika nyumbani baba aliniomba nisimwambie mtu. "Nitasema mbele ya jaji," alisema. "Hapo hakuna wa kunikatiza."

Hakufikiria kwamba Kitui ni karibu. Mbithi alipoisikia tarehe ya kesi, alikuja kwetu na wazee wengine. "Mulwa, kule Machakos tulikuacha peke yako na tuliona aibu," alimwambia baba. "Sasa korti imekuja nyumbani. Tutakuja wote." Walikodi lori. Akina mama waliimba toka Mutomo hadi getini, na katika nyimbo zao baba alikuwa simba. Nilikaa kando yake nikaona jinsi alivyokuwa akizidi kujikunyata kwa kila ubeti.

Kwa hiyo jaji alipouliza, baba alisikiliza mabenchi yale, kisha akageuka mbele.

"Hakuna," alisema.

Jaji alimgeukia Kusow. "Na wewe, mzee?"

Kusow alimtazama baba, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. "Kama yeye amesema hakuna," alijibu, "basi hakuna."

Kesi ilisikilizwa haraka. Wakili wa Kusow alisema hana shahidi mwingine ila mteja wake. Kaveke, aliyeshuhudia mauzo na kuandaa chakula siku yalipofanyika, hakuonekana. Jaji aliamua kwa kile kilichowekwa mbele yake, na uamuzi uliposomwa baba alibebwa mabegani. Kusow aliivunja nyumba yake mwenyewe, bati baada ya bati, akahamia mji wa Wote, huko Makueni, kwa binti yake Ruqiya, mwenye duka la nguo karibu na soko.

Baba hakuacha kumtaja. Mwaka ulipogeuka aliniomba nimpeleke. Ruqiya alitupokea kwa heshima, akatuletea wali na nyama ya mbuzi, na Mzee Kusow akakaa nasi kwenye mkeka nyuma ya duka. Aliuliza kuhusu mvua. Aliuliza kuhusu macho ya baba. Hakumwita Mulwa, alimwita mzee, kama mteja.

"Nilitaka kusema," baba alianza. "Siku ile. Unajua nilitaka."

"Najua."

"Ni watu, Kusow. Walikuwa wengi nyuma yangu."

Kusow alikusanya punje za wali zilizoanguka kwenye mkeka, akaziweka ukingoni mwa sahani. "Mimi pia nilikuwa na watu," alisema. "Walitaka kuja na lori lao. Kaveke pia alitaka kuja kusema alichokiona. Niliwaambia wote wabaki nyumbani. Niliwaambia sisi tumeshamaliza."

Mwadhini aliita alasiri. Kusow aliinuka, akaomba radhi, akatoka. Ruqiya alisema msikiti uko hapo tu nyuma ya soko, na baba yake huwa hakawii. Wateja wakaingia, wakatoka. Waliokwenda kuswali walirudi madukani mwao, mmoja mmoja, na Ruqiya akaanza kuingiza ndani nguo zilizoning'inizwa mlangoni, bila kututazama.

Nilimwambia baba twende, gari la mwisho litatuacha.

Baba alikuwa ameelekeza uso mlangoni. "Tungoje kidogo," alisema.