Komeo la Kabari

Jumamosi moja saa tatu asubuhi, seremala aliyejulikana kwa jina la Milimita alikaa kwenye meza ya jikoni nyumbani kwa shemeji yake, akaigeuza kalenda ya mwaka uliopita, na kuanza kuchora komeo nyuma ya mwezi wa Machi. Shemeji yake, mjane wa mdogo wake, alikuwa akichambua mchele. Kasha lenyewe lilikuwa tayari sakafuni kati yao: mbao za msonobari, urefu sentimita tisini, upana arobaini na tano, kina thelathini, na kifuniko kilichoshikwa na bawaba mbili za kabati kuukuu. Ndani lilikuwamo koti la kazi la marehemu, la kijivu, limekunjwa mara moja.

Koti likakohoa. Kifuniko kikanyanyuka upana wa kidole, kikarudi.

"Huwa linaanza saa hizi?" Milimita akauliza.

"Linaanza saa moja, king'ora cha kiwanda kikilia," mjane akasema bila kuinua macho. "Wakati wa chai linatulia kidogo. Baada ya hapo ni mfululizo mpaka saa kumi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili linapumzika."

Milimita akaandika hayo pembeni ya mchoro.

Mdogo wake alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika chumba cha msasa cha kiwanda cha samani, mwisho wa mtaa huo huo. Chumba hicho kilikuwa na mashine sita, mlango mmoja, na tundu la feni ambalo feni yake haikuwahi kuletwa. Aliyemwingiza kazini ni Milimita mwenyewe. Wakati huo alikuwa bado fundi wa milango hapo kiwandani, kabla msumeno haujaondoka na vidole vyake viwili, na alimbembeleza msimamizi wiki nzima hadi mdogo wake akapata nafasi. Hilo halikuwahi kuzungumzwa nyumbani. Lilikaa tu pale kama mgeni asiyeaga.

Mdogo wake alipofariki, daktari wa kiwanda aliandika kwenye cheti kwamba kilichomuua ni sigara. Marehemu hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Moshi wa jirani tu ulikuwa ukimtoa machozi. Mjane alikirudisha cheti akidhani wamechanganya na cha mtu mwingine. Wakamwambia cheti hakirudishwi.

Koti lilianza kukohoa siku ya nne baada ya mazishi, likiwa limetundikwa nyuma ya mlango. Jirani wa ukuta wa pili, ambaye alikuwa na kichanga, alileta maji ya tangawizi, wakalinywesha kijiko kimoja kimoja kwenye kola. Halikupata nafuu. Wiki iliyofuata jirani alirudi, safari hii mikono mitupu, akaomba kwa upole kwamba koti litafutiwe mahali pa kukaa, kwa sababu mtoto akilala linamwamsha. Mjane alimwelewa. Hakuweza kulitupa, wala kulisikiliza kutwa nzima. Ndipo akamtumia shemeji yake ujumbe: nitengenezee kasha linalofunga.

Komeo la kwanza lilikuwa kipande cha mbao chenye urefu wa kiganja, kilichozunguka kwenye skrubu moja. Ukikilaza kinafunga, ukikisimamisha kinafungua. Koti lilikohoa mara nne, kile kipande kikajizungusha taratibu mpaka kikasimama wima, na kifuniko kikafunguka.

La pili lilikuwa la kusukuma, ulimi wa mvule unaopita kwenye masikio mawili. Milimita aliketi mbele yake na rula. Kila kikohozi kiliusogeza ulimi milimita moja. Ulikuwa umeingia milimita ishirini na tatu, na kilipotimia kikohozi cha ishirini na tatu ukaanguka sakafuni.

"Alikuwa mbishi hivyo hivyo," mjane akasema.

"Tangu mdogo," Milimita akakubali, na kugeuza mwezi wa Aprili.

Alikaa na mchoro huo siku nne. Shida, kama alivyoiona, ilikuwa kwamba makomeo yote yanashindana na mtikisiko, na mtikisiko hauchoki. Alitaka komeo ambalo mtikisiko wenyewe ungelifanyia kazi. Siku ya tano akachonga kabari ya mvule, nene juu, nyembamba chini, ikae imesimama kwenye mfereji wenye mteremko. Kasha likitikisika, kabari inashuka. Ikishuka, inabana. Kadiri koti lilivyokohoa, ndivyo lilivyojifungia.

Alilifunga siku ya Alhamisi kabla ya king'ora. Koti likakohoa. Kabari ikashuka. Ilipofika saa mbili hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kuing'oa, na kikohozi kilikuwa kimezama ndani ya mbao kama cha mtu aliyezibwa mdomo. Jirani alipita dirishani akashukuru. Milimita aliyapaka mafuta yale maungio, akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kwa sababu alikuwa ametengeneza kitu kinachofanya kazi.

Saa nane mchana binti wa marehemu alirudi kutoka kiwandani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alikuwa amekwenda kuchukua barua. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kiwanda. Kama hakuna mtu wa nyumba hiyo anayefanya kazi pale, mwisho wa mwezi unarudisha funguo. Akaiweka barua mezani. Ilisema aanze Jumatatu ya kwanza ya mwezi, chumba cha msasa.

Binti akachutama mbele ya kasha, akaweka sikio.

"Baba mkubwa," akasema, "hapati hewa."

"Ni koti, mwanangu."

"Najua ni koti. Halipati hewa."

Milimita akaangalia, akaona pande za kasha zimeanza kutuna. Mjane naye alikuwa amesimama mlangoni, sahani ya chakula mkononi, na chakula kilikuwa kimepoa bila kuguswa. Milimita akachukua nyundo na patasi. Ilimchukua dakika ishirini kuitoa ile kabari.

Kasha lilikuwa limejaa vumbi mpaka kwenye ukingo. Koti lilikuwa chini kabisa. Walichota vumbi kwa sufuria, wakajaza ndoo mbili na beseni. Milimita alilisoma kwa vidole kama mwenye duka la vitambaa anavyosoma nguo. Juu lilikuwa jeupe, msonobari wa mwaka huu. Chini yake lile la njano lenye harufu ya gundi, la miaka ya mbao za kushindiliwa. Chini zaidi la kahawia, mvule, wa milango ya shule. Chini kabisa kulikuwa na tabaka jembamba la rangi ya chai, akalijua: vile vilikuwa vitanda vya hospitali, kazi ya kwanza ya mdogo wake. Alikumbuka alivyomwambia wakati ule kwamba ni kazi nzuri, ya ndani, haina jua.

Hapo akakaa sakafuni.

"Mimi ndiye niliyemwombea nafasi," akasema.

"Najua, shemeji," mjane akamjibu. "Siku ile nilipika wali, tukala wote."

Ijumaa walilipeleka koti zahanati. Walikaa foleni kati ya mzee mwenye mguu uliovimba na mama mwenye mapacha. Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilitandika koti kitandani, akaweka kifaa chake cha kusikilizia upande wa kushoto wa kifua, halafu wa kulia, halafu mgongoni.

"Vuta pumzi," akaliambia. "Ndani zaidi. Haya, toa."

Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyowasikiliza wengine.

"Alikuwa anavuta sigara?"

"Hapana," mjane akasema.

"Hapana," daktari naye akasema. "Hili ni vumbi la mbao. Lilianza zamani sana. Mngelileta mapema, mwenyewe akiwa ndani, tungezungumza mengine." Akaandika hayo kwenye karatasi yenye mhuri, akawapa, akaita mgonjwa anayefuata.

Jumatatu, wiki moja kabla ya binti kuanza kazi, Milimita na mjane walilibeba kasha mpaka kiwandani. Komeo la kabari lilikuwa mahali pake lakini limelegezwa kwa kipande cha kitambaa, ili pumzi zipite. Waliomba mambo mawili tu: cheti kirekebishwe, na feni iwekwe kwenye lile tundu kabla binti hajaanza.

Aliyewapokea aliitwa na wote Bwana Utumishi, mtu msafi, mwenye sauti ya chini. Aliisoma karatasi ya daktari mara mbili. Kifuniko kilipofunguliwa na koti likakohoa, alilisukumia glasi yake ya maji, kwa adabu, kama ambavyo angemfanyia mgeni yeyote.

"Poleni sana," akasema. "Nalisikia. Lakini utaratibu uko hivi: lalamiko la kiafya analileta mfanyakazi mwenyewe, kwa sahihi yake, akiwa bado kazini."

"Si huyo hapo analalamika," mjane akasema.

"Hana mkono wa kutia sahihi, mama."

Mjane akaiangalia mikono ya koti iliyolala mitupu juu ya ukingo wa kasha.

"Na kuhusu feni?" Milimita akauliza.

"Feni ipo kwenye mpango." Bwana Utumishi akaigeuza kola ya koti, akasoma namba iliyoshonwa ndani. "Hili ni letu, lakini. Lilitakiwa kurudishwa stoo mtu alipoacha kazi."

"Hakuacha kazi," mjane akasema. "Alikufa."

"Kwenye fomu ni kisanduku kimoja."

Akalikunja koti ndani ya kasha, vizuri, mikono ikiwa imepishanishwa kifuani. Kabla ya kufunga akakiona kile kitambaa, akakichomoa. Koti likakohoa, kabari ikashuka, na chumba kikatulia. Bwana Utumishi akainama akaliangalia komeo kwa makini. Alipitisha kidole kwenye mteremko wa mfereji.

"Nani kabuni hii?"

Milimita akautia mkono mfukoni. Lakini Bwana Utumishi alikuwa ameshaviona vidole vitatu kwenye mkono wa kulia wa seremala, na alimkumbuka.

"Kazi safi," akasema.

Walirudi nyumbani bila koti na bila kasha. Njia nzima Milimita alitembea hatua mbili nyuma. Alipofika aliichukua kalenda, akachana Machi na Aprili, akazitia jikoni kwenye moto wa chai. Ilikuwa kazi bure. Kiwanda hakikuhitaji mchoro. Kilikuwa na komeo lenyewe.

Binti alianza kazi Jumatatu iliyofuata. Kazi yake ya kwanza ilikuwa rundo la kabari za mvule, mia tatu. Jioni alieleza nyumbani alichokiona stoo alipotumwa kuchukua msasa. Makoti yalikuwa mengi, yametundikwa safu kwa safu, ya watu wa msasa, wa misumeno na wa rangi, na yote yalikuwa yakikohoa. Mtunza stoo alikuwa amezoea. Aliziba masikio kwa pamba na kuandika alichohitaji kwenye ubao. Sasa yalikuwa yanaingizwa moja moja kwenye makasha. La baba yake aliliona rafu ya chini. Kasha hilo halikufanana na mengine, maungio yake yalikuwa mazuri zaidi.

"Limetuna?" Milimita akauliza.

"Limetuna, baba mkubwa."

Milimita akachukua kalamu. "Kabari ukiipunguza milimita mbili upande mnene," akasema, "itashuka mpaka chini bila kubana. Kwa macho hutaona tofauti."

Binti akapunguza milimita mbili. Alipunguza kabari zote mia tatu, na ile ya rafu ya chini aliing'oa kwa siri kwa patasi, mtunza stoo akiwa na pamba masikioni, akaweka nyembamba aliyokuwa nayo mfukoni. Kwa siku tisa makasha ya stoo yalifunguka saa moja king'ora kilipolia, na kikohozi kikapita kwenye korido; hata wakati wa chai, kilipopungua, kilifika chumba cha kulia. Wafanyakazi waliokuwa na miaka mingi waliacha vijiko, wakasikiliza. Mmoja alisema, "Yule ni Kijeba wa misumeno." Mwingine akasema, "Na yule ni Mama Rangi, sikiliza anavyomalizia." Walisikiliza hivyo mpaka muda wa chai ulipoisha, kisha wakarudi kwenye mashine.

Siku ya kumi lilibandikwa tangazo. Makomeo ya mbao yalikuwa yamejaribiwa na kuonekana hayafai. Kuanzia siku hiyo makasha yatafungwa kwa misumari, minne kila upande. Bwana Utumishi alisimamia mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa wala kufukuzwa, na stoo ikatulia. Baada ya wiki mtunza stoo aliomba rafu za chuma, kwa kuwa za mbao zilikuwa zimeanza kupinda kwa uzito.

Milimita aliambiwa habari hiyo mezani. Aliuliza urefu wa misumari. Binti akamwambia inchi tatu, na Milimita akatikisa kichwa, akasukuma kikombe chake kando. Kwa misumari hakuwa na la kufanya.

Feni haikuletwa. Siku hizi binti anaporudi saa kumi na moja, mama yake anamkalisha kwenye kigoda karibu na dirisha kabla hajala, analowesha kitambaa, na kumfuta kope, moja baada ya nyingine, kwa sababu vumbi likikauka hapo macho hayafumbi vizuri.

"Leo mbao gani?" mama anauliza.

"Mvule."

"Fumba."

Binti anafumba. Mama anasuuza kitambaa kwenye bakuli, maji yanageuka rangi ya chai, anakikamua, anarudia jicho la pili.