Muhtasari Namba Arobaini na Moja

Chuo kilikuwa kinaandaa kongamano la utafiti la siku moja, na kazi ya kupanga mihtasari ikamwangukia Dada Katibu. Hivyo ndivyo walivyomwita wote, kuanzia mkuu wa idara hadi mfagiaji, kwa kuwa alikuwa amekaa nyuma ya meza ile ile miaka kumi na tisa. Alipewa mihtasari sitini na nne na vibandiko vya rangi tatu: kijani kwa sayansi, njano kwa elimu, buluu kwa lugha, historia na sanaa. Kila rangi ilikuwa na chumba chake. Majina ya waandishi yalikuwa yamefichwa, zikabaki namba tupu, asije mtu akasema fulani kabebwa.

Arobaini ya kwanza aliimaliza hata chai haijapoa. Minyoo wanaoishi kwenye udongo wenye chumvi, kijani. Kwa nini watoto wa darasa la tatu wanasahau kujumlisha baada ya likizo, njano. Barua za mapenzi za makarani wa reli wa zamani, buluu. Hiyo aliisoma mara mbili, akacheka peke yake.

Kisha akafika namba arobaini na moja.

Mwandishi alikuwa mwalimu. Kwa miaka kumi na moja alihesabu dakika ambazo mvua ililinyamazisha darasa lake, darasa la paa la bati lisilo na dari. Alipima sauti yake inasikika hadi dawati la ngapi, mvua ikiwa nyepesi na ikiwa kubwa. Akajumlisha vipindi vilivyopotea. Halafu, ukurasa uleule, akaeleza ishara za mikono ambazo watoto walizibuni wenyewe ili waendelee kusimuliana hadithi wakati hakuna anayemsikia mwenzake. Ishara mia moja na kumi na mbili, nyingine zikirithiwa na darasa linalofuata.

Dada Katibu akachukua kibandiko cha kijani. Akakirudisha. Akachukua cha njano, akakishika hewani mpaka kikamganda kidoleni. Buluu je? Akasoma tena tangu mwanzo, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kutoelewa. Mwishowe akainuka na karatasi yake, akaenda kuuliza wanaojua.

Profesa wa Fizikia alisoma amesimama mlangoni. "Sauti ni yetu," alisema. "Lakini huyu amepima kwa madawati. Dawati si kipimo. Mpelekee Daktari wa Elimu."

Daktari wa Elimu alisoma huku akisahihisha mitihani. "Vipindi vilivyopotea ni vyetu, sikatai. Ila hizi ishara? Hii ni lugha hii. Mpelekee Nukta."

Nukta alikuwa mhadhiri wa lugha, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kumrudishia mtu karatasi bila kumwongezea nukta mahali. Akaweka nukta mbili, akatikisa kichwa. "Ishara nzuri sana. Lakini jedwali la mvua nalifanyia nini? Mrudishie wa Fizikia."

"Ndiye aliyenituma kwa Daktari, na Daktari kanituma kwako."

"Basi una kazi, Dada."

Alirudi mezani kichwa kinamzunguka. Watu watatu wenye shahada za kujaza ukuta mzima walikuwa wamemtupia mpira, na yeye ndiye aliyebaki nao. Akaiandika namba arobaini na moja kwenye orodha zote tatu, akijiambia atazifuta mbili baada ya kutafakari. Simu ikalia. Mkuu wa idara alitaka idadi ya viti, na mpiga chapa alitaka ratiba kabla ya saa sita. Akaituma.

Siku ya kongamano ndipo alipoliona kosa, ratiba mia mbili zikiwa tayari mikononi mwa watu: saa nne na nusu, chumba cha kwanza, namba arobaini na moja. Saa nne na nusu, chumba cha pili, namba arobaini na moja. Na cha tatu vilevile. Alikuwa bado anatafuta kalamu nyekundu, asijue afute nini na wapi, aliposikia sauti anayoijua tangu utotoni.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa. Miwani yangu au akili yangu, kimojawapo kimeharibika."

Alikuwa mama yake mdogo, mwalimu mstaafu, amevaa viatu vya kufungia kamba, na mkoba wake umevimba kwa madaftari.

"Mama mdogo! Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kusoma utafiti wangu. Namba arobaini na moja. Lakini naona natakiwa vyumba vitatu kwa wakati mmoja, na mimi nimekuja peke yangu."

"Ni wewe? Miaka yote hiyo, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, halafu waseme umenibeba?"

Hakukuwa na muda wa kuulizana zaidi. Walianza na chumba cha kwanza. Mama mdogo alifungua daftari, akaeleza namna alivyowauliza watoto wa kila safu neno gani amelitamka. Profesa wa Fizikia akanyoosha mkono.

"Desibeli ngapi?"

"Sijui, Profesa. Mvua kubwa, ni madawati mawili."

Chumba kikacheka, kisha kikaacha kucheka, maana alikuwa na majibu ya mvua mia tatu. Dakika kumi zilipoisha alikusanya madaftari, akaomba radhi kwamba anangojwa. Profesa akamfuata nyuma, bado anauliza.

Chumba cha pili, Daktari wa Elimu alitaka kujua alianzaje.

"Siku moja nilifundisha saa nzima, mvua inapiga," mama mdogo alisema. "Kesho yake nikakusanya madaftari. Mtoto wa dawati la mwisho alikuwa ameandika: Jana mwalimu hakuja."

Hakuna aliyecheka. Dada Katibu alikuwa amesimama mlangoni. Miaka kumi na tisa tafiti za watu zilipita mikononi mwake, na hii ilikuwa ikiandikwa nyumbani kwao naye asijue.

Chumba cha tatu waliingia kama msafara. Mama mdogo alionyesha ishara za "fisi", "uongo" na "mwalimu anakuja". Nukta akasimama akasema hii ni lugha kamili. Daktari akasema hapana, ni ushahidi wa darasa lililoshindwa. Profesa akasema yote hayo yanategemea bati lenyewe, unene wake. Wakasemeshana, kila mmoja akidai sasa kile alichokikataa wiki iliyopita.

Mama mdogo akanywa maji, akawangoja. Walipopumua akauliza, "Jamani, naomba mniambie. Mimi nimefanya nini hasa?"

Alipata majibu mengi mno, na hakuna mawili yaliyofanana.

Mwezi mmoja baadaye barua za maoni kuhusu kazi za kuchapishwa kwenye kitabu cha kongamano zikafika mezani kwa Dada Katibu, naye akampigia mama mdogo simu. "Fizikia wanasema utoe watoto, ubaki na sauti. Elimu wanasema upunguze mvua. Nukta anasema utoe majedwali yote."

"Nikitoa watoto, nikatoa mvua, nikatoa hesabu, kitabaki nini? Jina langu?"

Walicheka hadi mmoja akadondosha simu. Lakini alipokata, Dada Katibu alishika tama. Hakujua amshauri nini. Mama mdogo hakungoja ushauri. Alikataa kukata chochote, akaipeleka kazi nzima kwa jarida ambalo jirani yake fundi alikuwa akilisoma, jarida la wajenzi. Likaikubali. Walitaka kitu kimoja tu: mchoro wa darasa na vipimo vyake.

Profesa alinuna. Nukta alisema wajenzi hawajui lugha. Daktari aliuliza kama bado kuna nafasi ya kuandika jina lake.

Jumamosi wakaenda wawili, mtu na mama yake mdogo, kwenye lile darasa. Dada Katibu alipanda juu ya dawati akiwa ameshika ncha ya utepe wa kupimia, huku mama mdogo akirudi kinyumenyume hadi ukuta wa nyuma, penseli sikioni.

"Kwa hiyo sasa mimi ni mjenzi?" aliuliza kutoka kule.

"Mama mdogo, mimi usiniulize. Mimi hata sijui nikuweke faili gani."

"Haya, vuta hapo, usilegeze." Akainama, akasogeza miwani. "Mita saba na robo. Andika hiyo kwanza."