Mtungi Ulionyamaza

Tk, kitu kikalia jikoni, jogoo hata hajawika. Demetria akafumbua macho, akatega sikio. Tk. Akajitupia kanga mabegani, akaenda upesi kadiri magoti yalivyomruhusu, akainama mbele ya mtungi na kuweka sikio kwenye tumbo lake. Kimya. Tk! Kumbe ilikuwa ndoo ya maji, ile yenye koki, ikidondosha matone kwenye sahani.

"Sasa wewe una nini?" akauuliza mtungi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alitia asali na maji Alhamisi. Kwa kawaida siku ya pili wanzuki, pombe ya asali, huanza kunong'ona, na siku ya tatu povu husukuma kifuniko. Miaka thelathini mtungi ule haukumwangusha. Safari hii, siku ya nne, ulikuwa umekaa kama mgeni asiyetaka kusema alichofuata.

Na Jumamosi wazee wa mchumba wa Stela, mjukuu wake, wangefika kutoka Urambo. Kwa watu wenye asili ya Burundi kama wao, maneno ya posa hayaanzi mpaka pande mbili zimetia mirija kwenye chungu kimoja. Mzee Tobias, baba mdogo wa kijana, alikwisha kusema kwenye simu, "Soda wapeni watoto. Sisi tunafuata mtungi wa Demetria." Angewapa nini?

Julieth, mke wa mwanawe Aleksi, akaingia na taa.

"Shikamoo mama. Bado?"

"Marahaba mwanangu. Bado. Umelala kama umemeza dawa."

"Labda asali ni mbovu."

"Asali ya mzinga wa mumeo? Nimeilamba mpaka ulimi umechoka."

"Maji je?"

"Ya kisima kile kile."

Julieth alikuwa Msabato wa Nzega; kwao pombe haivuki kizingiti. Akautazama mtungi kwa huruma. Akachukua kichupa cha dawa ya macho, akakifumbata viganjani kwanza kipate joto, ndipo akamdondoshea mkwewe matone mawili. Hakuna aliyemwambia akipashe joto. Demetria aliliona hilo kila asubuhi tangu atoke hospitali ya Kitete, alikotolewa mtoto wa jicho.

Lakini asubuhi ile shukrani ilichanganyika na hofu. Je, si mtungi, ni yeye? Labda kipimo kimempotea. Labda alitia asali mara moja akidhani mbili. Mikono iliyowaoza binti zake watatu kwa wanzuki wake mwenyewe, sasa imesahau? Hakumwambia mtu.

Jua lilipopanda akajaza chupa kutoka kwenye mtungi, akavuka bonde la mpunga kwenda kwa Pelagia, Mnyamwezi mjane aliyepika wanzuki tangu usichana wake.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Lete tuone huyo mgonjwa wako."

Pelagia akaonja, akaitazama chupa, akaonja tena.

"Demetria, umeniletea maji ya kumwogeshea mtoto."

"Usinicheke. Nimekosea wapi?"

"Kipimo ni sawa. Tamu ipo. Ila haina uhai." Akasogeza kigoda. "Mtungi ukoje ndani?"

"Mweupe. Unang'aa."

"Mtungi wa wanzuki, mweupe?"

"Si jicho hili! Daktari alinionya kwamba kila kitu kitang'aa. Hata kuku wangu nimewaona weupe. Hata kaniki yangu ina rangi ambayo sikuijua."

"Na harufu?"

"Kama ya malimau kidogo. Nikadhani ni maua ya mwaka huu."

Pelagia akaiweka chupa chini. "Ulipokuwa Kitete, nani alibaki nyumbani?"

Hapo Demetria akashika kifua. Akaviona akilini vidole vya Julieth vilivyochubuka, ambavyo alidhani ni vya jembe. Akalikumbuka jamvi jipya, sufuria zilizosuguliwa, kuta zilizopakwa chokaa ili mama akirudi akute nyumba safi. Na mtungi pia. Tope lile la ndani, ambalo yeye alilisuuza tu kwa maji baridi ili chachu ibaki kwenye udongo, lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni na maji ya moto mpaka likaisha.

"Nilidhani ni jicho," akasema.

Pelagia akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Demetria naye akacheka, kisha machozi yakamtoka, na hakujua ni ya nini: furaha kwamba mikono haijasahau, au woga wa kumwambia mtoto yule.

"Usimgombeze," Pelagia akasema.

"Nimgombeze kwa lipi? Kucha zake zimeisha kwenye mtungi wangu."

Pelagia akamkorogea kwenye kibuyu machicha ya mtungi wake mwenyewe, yenye chachu hai. Alipoulizwa bei, akageuka kana kwamba hakusikia.

Nyumbani Demetria akamwita Julieth amshikie mtungi. Wakamimina machicha pamoja, wakausogeza karibu na mafiga upate joto.

"Kuanzia leo," Demetria akasema taratibu, "huu tutausuuza kwa maji baridi tu. Sabuni inaua chachu."

Mikono ya Julieth ikasimama. "Mama. Kwa hiyo ni mimi?"

"Uliuosha kwa siku ngapi?"

"Mbili."

"Siku mbili! Mimi sijawahi kuupa hata moja. Njoo usikilize."

Hawakusikia kitu. Walirudi baada ya chakula cha jioni, na Julieth ndiye aliyesikia kwanza. "Unanong'ona," akasema, asiamini, sikio lake la Kisabato likiwa limegandamana na mtungi.

Jumamosi mzee Tobias akavuta mrija. Akakunja uso. "Hii si ile ya zamani."

Demetria akamtazama Julieth.

"Ina kitu," mzee akasema, akavuta tena, kwa muda mrefu. "Sijui ni nini. Haya, tuzungumze habari za watoto." Na mpaka jua linapinduka, Stela alikuwa ameposwa.

Kesho yake Demetria na Julieth wakavuka bonde, Julieth amebeba machicha ya kurudisha. Pelagia akamuuliza Julieth habari za Nzega, za mama yake, za mvua, akamwekea karanga mara mbili. Watoto wa Pelagia wote walikuwa Dar. Walimpigia simu tu. Walipoaga aliwasindikiza mpaka chini bondeni, akasimama, akaushika mkono wa Julieth na vidole vyake vilivyochubuka.

"Machicha ninayo," akasema. "Jumapili ijayo msilete kitu. Njooni tu tena."