Redio ya Vénuste Yamjibu Mkwewe

Betri ya Peugeot ya Vénuste haikufa kwa uzee. Iliuawa na majirani wa Kamembe, waliojazana garini kila jioni kusikiliza habari za vita vya Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kila mmoja akitega sikio atajiwe mtaa alikoacha nyumba yake. Asubuhi ya harusi gari halikuguna hata kidogo. Fundi Muhigirwa akatia betri mpya. Injini ikanguruma vizuri, lakini redio ikadai namba yake ya siri.

"Namba gani tena?" Vénuste akauliza.

"Ya mwenyewe wa kwanza. Ukiitosha batri, ukiing'oa hivi, inawaza wezi banaiiba."

Mwenye gari wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu, na risasi zilikwisha kumkimbiza hadi kusikojulikana. Wakajaribu mwaka aliozaliwa Vénuste, mwaka aliorudi na jamaa zake kutoka Kongo, hata namba ya gari. Redio ikachoshwa nao, ikajifunga kabisa.

Vénuste akashika kichwa. Mzee Munyemana wa Mibirizi, baba yake bibi harusi Laurence, alikuwa amewafukuza wachumba wenye ng'ombe wanono. Alimkubali Vénuste kwa sababu siku ya posa aliahidiwa kwamba bintiye atatoka nyumbani kwa muziki wa redio ya gari. "Kama haiimbe," alionya, "urudie na gari yako. Mutoto atabakia."

"Basi mimi ntaimba," akasema shangazi yake Vénuste, Maman Nyirahabimana, mwenye sauti iliyozoea kushinda kelele za soko zima. Akajilaza chini nyuma ya viti vya mbele, wakamfunika kitenge.

Walipoingia uani Mibirizi, gari lilikuwa likitoa rumba ya Kilingala, gitaa na ngoma vyote kwa mdomo. Wageni wakacheza. Mzee Munyemana akafuta machozi ya fahari, akainama dirishani.

"Sasa tafuta habari. Nisikie Bukavu."

Vénuste akazungusha kitufe kilichokufa. Kikatoka kikohozi, kisha sauti ya puani:

"Hapa Bukavu. Sambaza, dagaa zetu, zimekosekana ziwani."

"Uongo!" Mzee akafoka. "Jana nilikula sambaza!"

"Zilikuwa za juma lililopita, Papa. Ulizinusa?" redio ikajibu.

Jasho likamtiririka Vénuste mpaka kwenye tai. Akaona harusi imevunjika. Mzee akanyooka polepole, akawageukia wageni.

"Munasikia? Redio ya mukwe wangu inanijibu! Ya kwenu iliwahi kuwajibu?"

Akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, akamwingiza bintiye nyuma. Laurence akakaa na shela lake, akateremsha viatu vyake vipya vyenye visigino virefu juu ya kitenge.

"Yooo! Mama weee!" redio ikapiga yowe.

"Ondoa gari, Vénuste," Mzee akasema, akifunga mlango. "Hata redio inalia mutoto wangu anapoenda."