Saa ya Mzee Kiliani

Kila asubuhi mashine ya kukoboa kahawa pale Mbinga ilisimama dakika ishirini, na kompyuta ndogo yenye mfumo wa Linux inayotuma amri kwa mota ikaandika: "Kosa la kipima muda." Fundi Kalista alihangaika na nyaya siku tatu. Siku ya nne akajibanza nyuma ya magunia aone nani anaigusa kompyuta. Msimamizi, Mzee Kiliani, aliingia amechelewa, akairudisha nyuma saa ya kompyuta ili mahudhurio yake, yanayoandikwa humo humo, yasome saa mbili kamili. Mota zikanyamaza.

"Shikamoo, mzee. Umerudisha dakika ishirini, sasa amri kwa mota zinasubiri dakika hizo zipite tena!" Kalista akasema akijitokeza.

"Marahaba," akajibu, jasho likimtoka.

Kalista akaziunganisha amri na saa nyingine ya ndani ya kompyuta, inayohesabu tangu kompyuta iwashwe, isiyorudishwa na mtu. Mota zikanguruma.

Mzee akatabasamu. "Kwa hiyo, mwanangu, hii saa ya mahudhurio niendelee kuirudisha?"