Kipuri cha Hita ya Bwawa

Saa mbili na robo asubuhi, Fundi alipiga magoti kwenye chumba cha pampu cha hoteli, akaiwasha hita ya bwawa kwa mara ya sita. Moto uliwaka, ukakaa sekunde tano, ukazimika. Maji hayakuwa yakipita ya kutosha, na hita ile haikubali kuwaka bila maji kupita, maana ina akili kuliko watu wengi. Wageni walikuwa wanafika saa nane mchana, nao walikuwa wameahidiwa maji ya uvuguvugu.

Alikuwa amefanya yote yanayopaswa kufanywa. Kwenye kikapu cha pampu alitoa majani, pini mbili za nywele na meno ya bandia ya mtu ambaye hakurudi kuyaulizia. Chujio alilipitishia maji kinyumenyume mpaka yakatoka maangavu. Hewa aliitoa. Vali zote zilikuwa wazi. Hata hivyo mshale wa geji ya kupimia mtiririko wa maji ulilala sifuri kana kwamba umeajiriwa kulala.

Ndipo mama yake mzazi alipofika kando ya bwawa akisukuma toroli la taulo. Alikuwa dobi wa hoteli hiyo kwa miaka kumi na tisa, na magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Daktari alimwambia aingie kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa kila siku, la sivyo mwaka hautaisha kabla hajashindwa kutembea. Nyumbani walikuwa na beseni. Lilitosha goti moja tu, jingine likisubiri zamu, na kila Fundi alipoliona beseni lile moyo ulimuuma.

Taulo moja ilidondoka majini. Mama aliinama kuiokota, na mshale wa geji ukainuka. Alipotoa mkono, ukaanguka.

"Mama," Fundi aliita kupitia mlango uliokuwa wazi, "hebu rudisha mkono."

"Kuna nini tena?"

"Wewe rudisha tu."

Mkono uliupandisha mshale robo. Miguu miwili, nusu. Mama alipoingia mpaka kiunoni na gauni lake la kazi, mabomba yalinguruma, hita ikawaka na haikuzimika tena. Ili asije akaonekana anapendelea, Fundi alitumbukiza na mkono wake mwenyewe. Mshale haukumjali. Akaandika kwenye daftari: hitilafu imepatikana.

Meneja alikuja, akasimama karibu na kibao kinachowakataza wafanyakazi kuingia bwawani.

"Mama yako yuko kwenye maji," alisema.

"Akitoka tu, bosi, hita inazima."

Meneja alilitafakari hilo. "Anatumia umeme?"

"Hapana."

"Ana kelele?"

"Anaimba kidogo."

"Sheria ni sheria. Mfanyakazi haingii." Alijikuna kidevu. "Ila kifaa kinaingia."

Kufikia saa nne mambo yalikuwa yamekwisha. Kila siku, kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, muda unaotosha kupasha maji ya kutwa, mama angetolewa kwenye orodha ya wafanyakazi na kuwekwa kwenye orodha ya vipuri, kati ya mpira wa bomba na swichi ya akiba: kimoja, kimetumika, hali nzuri. Saa tatu angerudi kuwa mtu na kukunja taulo. Fundi alifurahi hata akacheka peke yake huku akipanga spana zake.

Baada ya mwezi mmoja mama alipanda ngazi za chumba cha kufulia bila kushika ukuta. Akaenda moja kwa moja kuomba likizo yake ya mwaka. Meneja alimweleza kwa upole kwamba vipuri havina likizo.

"Haya," alisema mama. "Lakini vinapakwa mafuta."

Meneja aliona ana hoja, akaidhinisha chupa moja ya mafuta ya kuchulia kila mwezi.

Madobi wenzake wanne, wenye magoti manane yasiyo na nafuu, walimwendea Fundi kumuuliza kama hita haihitaji kipuri kingine. Fundi aliwaambia watumbukize mikono mmoja mmoja, naye akaikazia macho geji, roho juu juu. Mshale haukutikisika, maana mama alikuwa bwawani na maji yalikuwa yanapita vizuri tayari. Iliwabidi waambiwe ukweli, kwamba hita haihitaji kipuri kingine, na Fundi aliwaambia akiwa amewapa mgongo. Wakajifuta mikono kwa taulo za wageni, wakazirudisha kufuliwa, wakaingia kazini wakitaniana.