Mlango Uliokuwa Wazi Siku Hiyo

Kwa maneno ya Bi Nasikia, jirani aliyepewa jina hilo kwa sababu kila habari yake huanzia hapo, kiwanda cha ng'ambo ya reli kilikufa kwa mdomo wa msichana mmoja. Alikuja mkaguzi aliyetumwa na wenye maduka ya nje wanaonunua mashati, akamwita msichana pembeni, akamuuliza habari za vyoo. Msichana akasema vinafungwa mpaka saa sita. Wenye maduka wakaona aibu, wakahamishia oda kwingine, na sasa jengo lile ni ghala la saruji. Alipoisimulia tena habari hiyo, vyoo viligeuka kazi ya saa za ziada, lakini mwisho ulibaki ule ule: watu mia tatu kibarua kimeota nyasi.

"Kwa hiyo nyie wawili," alimalizia, akiwanyooshea mwiko mkata nyuzi na wifi yake, "mkiulizwa, mezeni ndimi."

"Mimi sina pa kuumezea," wifi alisema. "Tumbo limejaa."

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Wote wawili walifanya kazi ghorofa ya pili ya kiwanda cha mashati. Wifi, mke wa kaka yake, alishona kola, na yeye alikata nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Kilichomnyima raha mkata nyuzi ni mlango wa nyuma. Ulitiwa kufuli ili mashati yasitoroshwe, na ufunguo ulining'inia kiunoni mwa msimamizi. Ndani kulikuwa na wanawake mia na ushee, marobota ya vitambaa mpaka karibu na dari, pasi kumi na mbili za moto, na ngazi moja tu ya mbele, nyembamba. Kutoka cherehani ya wifi hadi ngazini kulikuwa na safu kumi na moja. Alikuwa amezihesabu mara nyingi mno.

Siku mkaguzi wa wanunuzi alipokuja kwao, kufuli likatoka. Msimamizi akagawa barakoa mpya, akawafundisha la kusema: mlango huu uko wazi siku zote. Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliusukuma kwa kidole, ukafunguka bila kelele kwa mafuta uliyopakwa asubuhi. Akaandika. Msimamizi akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Kisha mkaguzi akaomba kengele ya moto ipigwe.

Msimamizi alikuwa amewafundisha maneno, hakuwa amewafundisha miguu. Kengele ilipolia, ukumbi mzima ulikimbilia ngazi ya mbele, hata wale washona vifungo ambao migongo yao ilikaribia kugusa mlango wa nyuma. Walikatiza safu zote wakauacha nyuma yao, wazi, upepo ukiingia na kupeperusha vipande vya nyuzi. Msimamizi mwenyewe alikuwa kati ya wa kwanza kufika ngazini.

Mkata nyuzi alimwona wifi amebanwa kwenye kona ya ngazi, mikono imekumbatia tumbo. Akapenya kwa viwiko, akamgeuzia ukutani, akamkinga kwa mgongo wake mpaka wimbi la watu likapita. Yalikuwa majaribio tu, na wote walifika chini salama. Wifi akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akasema mtoto amemchapa teke la hasira, akacheka, lakini hakuliachia tumbo.

Mkaguzi alishuka mwisho, peke yake, kwa mlango wa nyuma.

Mchana aliwaita mmoja mmoja stoo ya chini, msimamizi akabaki nje. Zamu ya mkata nyuzi ilipofika, mkaguzi alimvutia kiti.

"Mlango ulikuwa wazi, mdogo wangu. Mbona hakuna aliyepita?"

"Tumezoea mbele, dada."

"Hata waliokaa mlangoni?"

Mkata nyuzi akaitazama fomu mkononi mwa mkaguzi. Hakujua kama Bi Nasikia alisema kweli, ila ile saruji alikuwa ameiona kwa macho yake, mifuko imepangwa mahali zilipokuwa cherehani. Na wifi aliyebanwa ngazini naye alikuwa amemwona.

Akauliza karatasi hiyo inakwenda wapi. Kwa wanunuzi, mkaguzi alisema. Na wakishaisoma? Mkaguzi akavua miwani, akasema hapo wanaamua wenyewe.

"Basi nina ombi kabla ya jibu," alisema mkata nyuzi. "Yule mjamzito ni wifi yangu. Nataka kufuli litoke, sitaki oda iondoke. Andika hilo kwanza, juu kabisa: wasihame, wabaki wasimamie mlango ufunguliwe kila siku. Nikiona umeandika, nitakwambia yote. Utaniandikia, dada?"

Mkaguzi akatazama fomu yake, visanduku vya ndiyo na hapana kutoka juu hadi chini, pasipo nafasi ya ombi. Akaigeuza upande wa pili, uliokuwa mtupu. Juu yao cherehani zilikuwa zimeanza kunguruma tena. Akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena, na mkata nyuzi akawa anaitazama ncha yake.